Mkosaji wa Heshima

Jina la nchi hii halitajwi hapa, kwa sababu sheria ya huko inamtaka anayelitaja awe amesimama wima, mkono kifuani, na hadithi hii inasimuliwa watu wamekaa. Inatosha kusema kwamba ni nchi ya amani, yenye wizara nyingi kuliko mito, na kwamba wananchi wake wana staha kuliko watu wote duniani. Si msimulizi anayesema hivyo. Imeandikwa kwenye noti, kwenye mifuko ya saruji na kwenye mlango wa kila choo cha umma.

Katika nchi hiyo aliishi fundi wa magodoro ya sufi aliyeitwa Vuai Machano, mtu mpole, mwenye mabega yaliyoinama kwa kushona, na mkewe Bi Rukia, ambaye upole aliuacha kwa mumewe ili nyumba isije ikazidiwa. Walikuwa na binti mmoja, Mwanakombo, aliyekwisha kuchumbiwa na kijana fundi redio aitwaye Othmani. Vuai hakuwahi kuitwa polisi wala mahakamani. Jina lake lilikuwa limeandikwa sehemu mbili tu maishani mwake: kwenye cheti cha ndoa, na kwenye ubao wa duka uliosema MAGODORO LAINI.

Kila mwaka nchi hiyo huadhimisha Siku ya Staha. Siku hiyo Kiongozi wa Nchi hupanda helikopta pamoja na Waziri wa Staha, wakakagua mwenendo wa wananchi kutoka juu. Wataalamu walishauri ifanyike hivyo kwa sababu ukiwatazama watu kwa karibu, kuna hatari ya kuwahurumia.

Asubuhi ya siku hiyo Vuai alikuwa uani akioga, ili aende kwenye gwaride akiwa safi. Bafu lake lilikuwa la makuti na magunia, kama mabafu ya mtaa mzima. Amejipaka sabuni kuanzia utosini, macho ameyafumba, helikopta ikafika. Ilikuwa chini mno, kwa kuwa Kiongozi alitaka kusoma maandishi yaliyokuwa kwenye fulana ya mtu fulani barabarani. Upepo wake uling'oa makuti, ukang'oa magunia, ukabeba kanga iliyotundikwa, na kwa kumalizia ukaizoa sufi yote aliyokuwa ameianika. Vuai alidhani mvua inakuja. Alisimama pale pale, kopo mkononi, akimwita mkewe aje kuiondoa sufi. Huko juu Kiongozi alipiga chafya, na Waziri wa Staha, ambaye alikuwa anachungulia chini kwa darubini, aliripoti kuwa macho ya Taifa yamedhurika.

Kesi ilisikilizwa haraka, kwa heshima ya Siku ya Staha. Hakimu alimwuliza Vuai kwa nini hakujisitiri alipoiona helikopta ya Taifa. Vuai akaeleza kwamba hakuiona, alikuwa na sabuni machoni. Mwendesha mashitaka akainuka taratibu, kama mtu aliyepewa zawadi na hataki kuirarua karatasi yake.

"Mheshimiwa Hakimu, mshitakiwa amekiri mwenyewe kwamba haoni. Na asiyeona, haoni haya."

Mahakama ilimkuta na hatia ya kulifunulia Taifa utupu. Hakufungwa, kwani nchi hiyo ina huruma. Aliandikwa tu katika Daftari la Taifa la Wakosaji wa Kijinsia, maisha yake yote, pamoja na kipindi cha uangalizi baada ya hapo.

*

Siku za mwanzo Vuai hakuelewa kilichompata. Alidhani kuandikwa ni kuandikwa, kama mtu anavyoandikwa kwenye orodha ya wadaiwa wa maji, watu wakasahau. Kisha polisi wa mtaa akaja akagongelea kibao mlangoni kilichosema HUYU NDIYE, akamsomea masharti. Mkosaji haruhusiwi kukaribia shule, saluni, kisima wala duka la kanga. Haruhusiwi kuhudhuria harusi, ngoma wala shughuli yoyote ambayo wanawake wamevaa sare. Na haruhusiwi kugusa kitanda, mto wala godoro la raia asiyekuwa mkewe.

Vuai alimweleza kwa adabu kwamba yeye ni fundi magodoro. Polisi akafikiri, akasema basi ashone magodoro ya mkewe.

Ikawa hivyo. Kwa miezi kadhaa Bi Rukia alilala juu ya rundo la magodoro lililokaribia dari, huku mume akishona kwa sababu mikono ilikuwa haijui kukaa. Wateja walipita upande wa pili wa barabara. Mtu aliyemshonea godoro la harusi yake na la uzazi wa mke wake alimwona sokoni akageuza uso, akaanza kuchagua bilinganya alizokuwa hazihitaji. Jambo hilo lilimuuma Vuai kuliko kibao. Kibao kilipigiliwa na mtu asiyemjua.

Lakini pigo lenyewe lilikuwa harusi. Nikaha ilipangwa kufungwa baada ya Idi, na Mwanakombo hakuwa na walii mwingine wa kumwoza. Babu amekufa, kaka hana, wala baba hakuzaliwa na ndugu wa kiume. Vuai alikwenda kwa kadhi wa serikali. Kadhi akasema hana pingamizi, haki ya kumwoza binti ni ya baba. Baba anaweza kumwoza akiwa upande wa pili wa barabara kuu, kwa kipaza sauti. Vuai akashukuru, akauliza kipaza sauti kinapatikanaje. Kadhi akasema kibali cha kipaza sauti hutolewa kwa watu wote ambao hawamo daftarini.

Mwanakombo alimwambia baba yake kwamba angeweza kungoja. Alisema hivyo akiwa anachagua mchele, hakuinua uso, na Vuai akaona ameshika punje moja muda mrefu bila kuitupa wala kuirudisha. Ndipo akaamua kutafuta njia ya kutoka.

*

Wakili Pazi alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya usingizi, ambaye kwa malipo yake aliomba mto wa kiti. Vuai akamkumbusha kwamba haruhusiwi kugusa mto wa raia mwingine. Wakili akasema basi amshonee na kuuacha mlangoni kama umeanguka. Baada ya hapo akamfundisha sheria.

Alisema kuondolewa katika daftari ni haki ya kila mkosaji, na serikali inajivunia haki hiyo, hata imeipigia chapa kalenda. Njia ya kwanza ni kuthibitisha kwamba hukutenda kosa. Lakini ombi hilo linatakiwa kupelekwa kabla ya kosa kutendeka. Njia nyingine ni kumaliza kifungo cha daftari. Vuai akauliza, kifungo cha maisha kinamalizika lini. Wakili akajibu kwamba kinamalizika mtu anapofariki, naye hapo ana ruhusa ya kuomba, mradi afike mwenyewe. Iko pia njia ya msamaha wa aliyedhurika. Aliyedhurika katika kesi hii ni Taifa, na Taifa lina raia wengi. Kila mmoja angetakiwa kuweka sahihi, na Vuai naye akiwemo, ila sahihi ya mkosaji haihesabiki.

"Kwa hiyo hakuna njia," Vuai akasema.

"Njia zipo tele, mzee wangu. Tatizo ni kufika."

Wakaanza na ile iliyokuwa ndefu, ya kuonyesha kwamba amerekebika. Kwanza alipimwa hatari yake na daktari wa akili wa Wizara, kijana mwenye tai pana, aliyemwonyesha picha moja baada ya nyingine na kumtaka aseme anachokiona. Vuai aliona birika. Aliona kabati. Aliona birika tena, kutoka upande mwingine. Daktari aliandika kwa muda mrefu, na taarifa yake ilisema kwamba mtu anayeonyeshwa birika na kuona birika tu, bila shaka kuna kitu anaficha.

Kisha akapelekwa kwenye Darasa la Majuto. Humo alikutana na wakosaji wenzake wa wilaya nzima, akastaajabu. Mmoja alikuwa mzee aliyeanika suruali za ndani za mkewe upande unaotazama barabara ya msafara. Mwingine mbuzi wake walipandana mbele ya wageni wa Umoja wa Mabunge. Wa tatu, mpiga picha, alikuwa amempiga picha Waziri akila embe, na Wizara ikaona kwamba namna Waziri alivyolila haikufaa kuonwa na watoto. Vuai alitazama kila kona ya chumba akimtafuta mtu aliyemuumiza mtu. Hakumwona, na hakuuliza.

Mwalimu wa Majuto aliwafundisha kulia. Aliyeweza kulia na kukiri kwa sauti alipewa alama. Vuai alikataa kukiri, si kwa ukaidi, ila kila alipofungua mdomo alijikuta anaeleza habari za sabuni. Akapewa sifuri, na mwalimu akamshauri kwa upole aende akatende kosa dogo la kweli, ili apate kitu cha kujutia.

Jioni ile Bi Rukia alimtazama mumewe akivua viatu, akasema kuanzia kesho wanakwenda wote.

*

Ofisi ya Msajili Mkuu wa Daftari ilikuwa na dirisha moja lenye maandishi mawili, KUINGIA na KUTOKA, na karani mmoja aliyehamisha kiti chake sentimita chache kila alipobadili kazi. Mbele yake kulikuwa na benchi. Kwenye benchi hilo, siku walipofika, alikuwa amekaa mwanamke mwenye gauni la kazi lililopigwa pasi vizuri, mkoba magotini, mgongo umenyooka kama mtu anayesubiri kuitwa kanisani. Aliwasalimia shikamoo, wakamwitikia, akasogea kuwapa nafasi.

Aliitwa Eliseba Ngatunga. Alikuwa katibu muhtasi katika jengo lile lile, ghorofa ya juu, mpaka alipoacha kazi. Vuai alipomwuliza, kwa mazungumzo tu ya benchi, kama naye anatafuta kutoka, alijibu kwamba yeye anatafuta kumwingiza mtu. Kila mwezi alikuja, na kila mwezi aliambiwa jambo jipya. Kwanza malalamiko yake yalihitaji sahihi ya mkubwa wa ofisi. Mkubwa wa ofisi ndiye aliyelalamikiwa. Kisha yakahitaji sahihi ya mkosaji mwenyewe kuonyesha kwamba hana kinyongo. Mkosaji na mkubwa wa ofisi walikuwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa Mheshimiwa Dakta Adili Kibwengo, Msajili Mkuu wa Daftari la Taifa.

Hakusema kwa urefu alichotendewa. Alisema kwamba Mheshimiwa alifunga mlango kwa ufunguo, kisha Eliseba akatazama dirisha. Bi Rukia alimwekea mkono begani, akauacha hapo.

Vuai alihisi aibu, na kwa mara ya kwanza tangu afikwe na mkasa wake ilikuwa aibu ya kitu cha kweli. Alikuwa amekaa mwaka mzima akijiona ndiye mtu aliyeonewa kuliko wote nchini, na kumbe benchi lilikuwa na nafasi ya wengine.

Zamu ya Vuai ikafika. Karani akamweleza, kwa ukarimu, kwamba hata angerekebika namna gani hawezi kutolewa. Daftari lilifadhiliwa na nchi rafiki, na wafadhili wanataka lijae. Likipungua jina, taarifa itaonyesha kuwa uovu umepungua, na uovu ukipungua, fedha za kupigana nao zitapungua, na hiyo itakuwa hujuma. Karani akahamisha kiti chake akamwita Eliseba. Yeye akaelezwa kwamba hata sahihi zote zingepatikana, mtu wake hawezi kuingia, kwa kuwa daftari limejaa na hakuna mstari ulio wazi.

Wote watatu walisimama pale. Karani alianza kunoa penseli. Bi Rukia ndiye aliyesema, kwa sauti ya mtu anayepanga watu wa kulala chumbani:

"Sasa si huyu atoke, yule aingie?"

Karani aliacha kunoa. Alichukua kitabu cha kanuni, akapuliza vumbi, akasoma akitembeza kidole. Kanuni ilikuwepo. Iliitwa Kanuni ya Mbadala, na haijawahi kutumika, kwa sababu ilitaka anayeingia akubali kwa hiari yake, hadharani, kwa furaha. Karani akasema kwa masikitiko kwamba watu wa kuingia kwa furaha ni wachache.

*

Waliondoka wakakaa kwenye mgahawa wa chai uliokuwa ng'ambo. Eliseba alikuwa amemfanyia kazi Mheshimiwa Adili muda wa kutosha kumjua. Aliwaambia kwamba kuna kitu kimoja mtu yule hajawahi kukikataa maishani, nacho ni cheo. Alikuwa na udaktari wa heshima kutoka chuo cha kuhifadhi samaki, ukanali wa heshima wa bendi ya magereza, na uchifu wa heshima wa kabila ambalo watu wake hawajawahi kumwona. Alikuwa mama mlezi wa heshima wa kwaya ya wajane. Vyeti vyake vilijaza kuta mpaka vingine vikatundikwa darini, na wageni walivisoma wakiwa wameinua shingo.

Bi Rukia aliuliza kama kuna sheria inayozuia kuwa mkosaji wa heshima. Eliseba alifikiri, akasema sheria haikutaja. Kisha akaanza kucheka, kicheko kidogo kilichomshtua mwenyewe, akaziba mdomo kwa leso.

Yeye hakutaka kuingia tena katika ofisi ile, na hakuna aliyemshurutisha. Walikwenda Vuai na mkewe. Mheshimiwa Adili aliwapokea akiwa amekaa nyuma ya meza pana kama kitanda, mwanamume nadhifu, mwenye sauti nzuri na mikono laini, akawakaribisha viti kwa upole ambao ulimfanya Vuai asijue pa kuweka macho. Alitegemea kuona jitu. Aliona mtu ambaye angemuuzia godoro bila kufikiri mara mbili.

Bi Rukia alieleza kwamba wao ni watu wa daftarini, wamekuja kwa niaba ya wenzao, wana sononeko.

"Barabara ina jina lako, Mheshimiwa. Soko lina jina lako, hata tangi la maji la stendi lina jina lako. Hili daftari umelijenga wewe kwa jasho lako, na limejaa majina ya akina sisi. Lako halimo."

Mheshimiwa Adili aliwatazama kama mtu aliyeambiwa kwamba jirani kafanya karamu asimwalike. Alisema, polepole, kwamba ni kweli, na kwamba amekuwa akihisi kuna kitu kimepungua bila kujua ni nini. Akauliza kama cheo hicho kina mshipi wa kuvaa begani. Bi Rukia akasema kina mshipi, na medali, na kuna wasifu utakaosomwa mbele ya watu. Akauliza nani atausoma. Akaambiwa ni aliyekuwa katibu muhtasi wake, Eliseba, anayezijua kazi zake kwa karibu.

Kope za Mheshimiwa zilicheza mara moja. Kisha akatabasamu, akasema Eliseba alikuwa mfanyakazi mzuri, ila na hasira kidogo, na anafurahi kusikia kwamba zimemwisha.

Vuai alitoka mle ndani nyuma ya mkewe. Usiku hakupata usingizi wa maana, ijapokuwa magodoro hayakumpungukia, na asubuhi akaenda nyumbani kwa Eliseba peke yake. Alimwambia kwamba yeye anataka sana kumwoza binti yake, lakini hataki kufanya hivyo kwa kumsimamisha mtoto wa mwenzake mbele ya watu ateseke. Kama atasita, waache, watatafuta njia nyingine.

"Baba," Eliseba akasema, "nimeshalisema hili kwenye kila dirisha la serikali hii. Safari hii nataka kulisema kwa watu."

*

Sherehe ilifanyika katika Ukumbi wa Adili Kibwengo, na ilihudhuriwa na Waziri wa Staha, mabalozi, bendi ya magereza na wanawake wengi waliovaa sare ya Wizara. Vuai na wenzake wa daftarini walikalishwa nyuma ya kamba, kwa usalama wa sare hizo. Mshereheshaji alieleza kwamba leo Taifa linamtunuku mwanawe mpendwa cheo ambacho hakijapata kutolewa kwa raia mwingine yeyote kwa hiari, cha Mkosaji wa Kijinsia wa Heshima. Makofi yakapigwa, kwa kuwa taa ya makofi iliwashwa.

Mheshimiwa Adili alivishwa mshipi, ukamkaa vibaya, akawa anauvutavuta. Eliseba akapanda jukwaani na karatasi moja. Alisoma bila kupaza sauti.

"Mheshimiwa Adili Kibwengo, wakati wa mapumziko ya mchana, alifunga mlango wa ofisi yake kwa ufunguo, mimi nikiwa ndani. Nilimwambia hapana. Nilirudia kusema. Hakuacha. Nilipokwenda kulalamika, malalamiko yangu yalipelekwa kwake ayaamue. Kwa kazi hiyo, na kwa kazi kama hiyo kwa walionitangulia katika kiti kile, ambao yeye anawajua na wao wanajijua, tunamwingiza katika daftari."

Taa ya makofi iliwaka. Watu wakaanza kupiga, kama ilivyo desturi, na Mheshimiwa, ambaye alikuwa bado anapigana na mshipi na alikuwa amesikia vizuri maneno "kwa kazi hiyo", aliinama kushukuru, akatamka kwenye kipaza sauti kwamba anaipokea heshima hii kwa moyo wote, kwa hiari na kwa furaha. Karani wa dirishani, aliyekuwa pembeni na daftari lake, akaandika.

Makofi yakakatika vipande vipande. Mwanamke aliyekuwa anagawa chai aliweka birika chini, akasimama wima. Akasimama mwingine, wa safu ya tatu, mtu mzima mwenye miwani. Akasimama mpiga tarumbeta wa bendi. Kisha sare zile za Wizara zikaanza kuinuka moja moja, hapa na pale. Waziri wa Staha alifungua mkoba wake, akaufunga, akabaki amekaa. Mheshimiwa Adili alitazama kutoka uso hadi uso, tabasamu likiwa bado liko pale pale kwa kuwa hakuna aliyeliambia liondoke, na hatimaye akauliza kwa nini bendi haipigi.

Vuai alimtazama Eliseba akishuka ngazi. Alishuka taratibu, ameshika ukingo, na alipofika chini Bi Rukia aliivuka ile kamba ya usalama akampokea.

Asubuhi iliyofuata askari wa getini alimzuia Mheshimiwa Adili kuingia ofisini, kwa kuwa humo wanafanya kazi wanawake wenye sare. Mheshimiwa alieleza kwamba yeye ni wa heshima tu. Askari alimjibu kwa saluti kwamba masharti hayana heshima.

*

Vuai alipewa cheti cha kuondolewa daftarini, chenye muhuri wa rangi ya dhahabu. Alikiweka ndani ya mto. Kwa muda wa siku chache alikuwa mtu huru, akapeleka salamu kwa akina Othmani wajiandae.

Kumbe Bunge nalo lilikuwa limeitwa kwa dharura. Wabunge walizungumza kwa uchungu mkubwa. Mmoja alisema kwamba daftari hili lilikuwa zuri miaka yote, lakini sasa limeanza kukamata watu. Kabla ya chakula cha mchana lilikuwa limefutwa, lenyewe na mistari yake, na Mheshimiwa Adili akateuliwa balozi katika nchi ambayo Wizara ilikuwa bado inaitafuta kwenye ramani. Inasemekana siku ya safari yake, kila alipopita pale uwanja wa ndege, wanawake walisimama: wa tiketi, wa mizigo, wa kufagia. Walisimama tu wakamtazama mpaka akapita. Aliomba kupitishwa mlango wa nyuma, na kwenye mlango wa nyuma kulikuwa na mpishi.

Vuai alikimbilia kwa Eliseba akihofia kumkuta amevunjika moyo. Alimkuta anafua. Eliseba alilia kidogo, hakuficha, kisha akakamua nguo iliyokuwa mkononi.

"Wamekifuta kitabu," akasema. "Waliokuwa ukumbini hawajafutwa."

Siku ya nikaha ikafika. Wanaume walikaa barazani, wanawake walijaa uani na sare zao, Eliseba akiwa katikati yao ameshonewa yake. Vuai alikuwa amekwisha kukaa mbele ya Othmani, mkono wa kijana ukiwa ndani ya mkono wake, sheha wa mtaa alipoingia na faili kwapani. Sheha alieleza kwa masikitiko kwamba limejitokeza tatizo la kisheria. Cheti cha fundi kinasema ameondolewa katika daftari. Daftari halipo. Mtu hawezi kuondolewa mahali ambapo hapapo. Kwa hiyo hajaondolewa. Kwa hiyo bado yumo. Kulikuwa na njia ya kurekebisha jambo hilo, alisema, na ofisi itafunguliwa Jumatatu.

Zamani Vuai angesimama. Angeomba radhi, angeuliza ni dirisha gani. Alihisi mkono wa Othmani ukilegea kidogo kumpa nafasi ya kuinuka, akaukaza.

"Kaa, sheha," akasema. "Nimekuja kumwoza mwanangu. Nikimaliza, tutazungumza habari zako."

Sheha alifungua mdomo kutaja kifungu. Akasikia mikeka inasuguliwa huko uani, akageuka, akaona mlango umejaa wanawake waliosimama, kimya, na mbele yao mmoja ambaye habari zake zilikuwa zimeshafika mitaa yote. Sheha alitazama faili lake. Alitafuta nafasi kwenye mkeka, akavua viatu, akakaa.

Vuai akakohoa kusafisha koo. Akamwoza Mwanakombo binti Vuai Machano kwa Othmani, kwa jina lake na la binti yake, bila kipaza sauti, na ng'ambo ya barabara kuu watu wakasikia wakaitikia amina.